Bwana Misitu Anajibu: Nani aliyeua misprusi ya milimani?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu misitu ya Ulaya ya kati iliyokauka kwa moshi, basi barua zikamiminika, kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni wa jambo hilo hilo. Kwa ambao hamkuwepo, msprusi ni ndugu wa msonobari, mti mrefu ulionyooka wenye umbo la pia iliyogeuzwa, majani yake ni sindano fupi fupi zinazochoma, ndo ule ambao wenzetu wa Ulaya wengi wanausimamisha sebuleni wakati wa Krismasi. Porini kwetu haupo. Kule ndo ulikuwa mti wa milimani kuliko yote.

Shikamoo Bwana Misitu. Mimi ni binti wa Tanga, niko Liberec huku Ucheki mwaka wa pili sasa nasoma. Wenyeji walinipeleka kutembea milima ya Jizera, pazuri sana, miti imejaa, halafu kwenye kibanda cha chai nikakuta picha ukutani ya miaka ya 80, mlima uleule ila hamna hata mti mmoja wenye majani, magogo ya kijivu tu yamesimama. Mzee mmoja akaniambia huo ni moshi wa makaa ya mawe. Mwenzake akabisha, eti ni baridi ya mwaka mpya wa 1979. Wa tatu akasema wote waongo, ni wadudu. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nani yuko sahihi?

Marahaba binti yangu. Wote watatu wameona kitu cha kweli, lakini huyo mzee wa kwanza ndo anajua kesi ilianzia wapi, na nakuomba ukirudi pale umwambie hivyo.

Tuanze na moshi wenyewe. Pale ulipo, Ucheki, Poland na iliyokuwa Ujerumani Mashariki zinapokutana, kuna makaa ya mawe ya kahawia mengi sana chini ya ardhi, ni makaa duni, yana salfa nyingi, na kuanzia miaka ya 50 na 60 serikali za wakati huo zilijenga mitambo ya umeme mmoja baada ya mwingine juu ya migodi hiyo bila filta yoyote ya kuzuia salfa. Eneo hilo likaja kuitwa Pembetatu Nyeusi. Mabomba ya moshi yalijengwa marefu, mengine mita 300, wazo likiwa moshi uende mbali na watu wa mabondeni, na kweli ulikwenda mbali, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye vilele vya milima ya Krušné, Jizera na Krkonoše ambako ndo misprusi ilikuwa imejaa.

Sasa salfa daioksaidi ikifika kwenye mti inaingia kupitia vile vitundu vidogo vya kupumulia kwenye sindano, ikikutana na maji ya ndani inageuka asidi, inaharibu ile rangi ya kijani ambayo ndo jiko la mti. Pia nta iliyopakwa juu ya sindano inachakaa kabla ya wakati, vitundu vinashindwa kujifunga vizuri, mti unapoteza maji ovyo. Na usisahau msprusi haupukutishi majani kila mwaka kama miti mingine ya kule, sindano moja inakaa miaka na miaka, kwa hiyo inakula moshi kiangazi na baridi, na baridi ndo wakati watu wanachoma makaa mengi zaidi. Yaani mti ambao ungepaswa kuwa umelala unapigwa sumu usingizini.

Nikwambie nilichokishika kwa mikono yangu. Mwaka 1996 nilikuwa kule kwa kozi ya miezi mitatu, mwezi wa tano wakatupandisha milima ya Krušné, na ilikuwa imetoka baridi mbaya sana, ile ya 1995 kuingia 1996, ukungu mzito ulioganda juu ya matawi wiki na wiki huku moshi umenaswa humohumo hauna pa kutokea. Nikashika tawi. Msprusi kila mwaka unaongeza kipande kimoja kipya mwisho wa tawi, kwa hiyo tawi ni kama kalenda, unahesabu kutoka nchani kurudi nyuma, na mti wenye afya milimani utakuta sindano bado zipo kwenye vipande vya miaka sita, saba, hata kupita hapo. Lile tawi kipande cha mwaka uliopita sindano zote zilikuwa rangi ya kutu, nikipitisha vidole zinadondoka kavu kiganjani kama majani ya chai, cha mwaka wa juzi zimebaki chache, na kuanzia hapo kurudi nyuma kijiti kitupu kabisa. Mlima mzima upande ule ulikuwa na rangi hiyo ya kutu. Mwalimu wetu, mtu mzima wa makamo, alikuwa anaongea akanyamaza tu, sababu baadhi ya miti ile alikuwa ameipanda mwenyewe.

Haya, tuje kwa mzee wa pili. Baridi ya mwaka mpya wa 1979 ni ya kweli, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari joto lilishuka zaidi ya nyuzi 20 ndani ya muda mfupi sana, kutoka hali ya mvua mpaka kuganda kabisa, na baada ya hapo miti ikafa kwa wingi. Lakini msprusi ni mti wa baridi jamani, umeishi na baridi ya milima ile maelfu ya miaka, kwa nini ufe mwaka ule? Kwa sababu ulishadhoofishwa tayari. Na wadudu ni hivyohivyo, kwenye milima ya Jizera viwavi walishambulia sindano mwishoni mwa miaka ya 70, halafu wakaja wale vijidudu vidogo vyeusi vinavyotoboa ganda na kuchimba njia chini yake, na hao kawaida yao ni kufuata mti mgonjwa, mti wenye nguvu unawatapikia utomvu wanazama humo, mti dhaifu hauna utomvu wa kutosha kujikinga. Ni kama mtu aliyekaa na njaa miezi sita halafu akafa kwa malaria ndogo, cheti kitaandikwa malaria na hakitakuwa cha uongo, ila majirani wanajua alikuwa hana chakula.

Na ile misitu unayoiona leo imejaa ni kazi ya mikono, binti. Baada ya miti kukatwa mlima ulishikwa na nyasi ndefu zinazosonga kila mche, wakapanda mara ya kwanza ikafa, wakarudia. Krušné walifika mahali wakapanda msprusi wa bluu kutoka Marekani kwa kuwa unavumilia moshi zaidi, ukasaidia kushika udongo, ila miaka ya baadaye nao ukaingiwa na ugonjwa wa ukungu unaoozesha vichipukizi na sasa wanaubadilisha taratibu kwa miti mchanganyiko.

Shikamoo. Niko kidato cha tatu, Moshi. Kwanini miti ya juu mlimani iumie kuliko ya chini wakati viwanda viko chini? Na Mlima Kilimanjaro je?

Marahaba mwanangu, swali lako wanafunzi wa chuo wanakosea kulijibu. Jibu ni mawingu. Ukiwa Moshi mjini unaona wingu limekaa kiunoni mwa mlima, sasa mti ulioko pale ndani hausubiri mvua inyeshe, unaoga ndani ya wingu lenyewe siku nzima, na misprusi yenye sindano nyingi nyembamba inachuja lile wingu kama chanuo linavyopita kwenye nywele, matone yananasa na kutiririka. Matone ya wingu ni madogo sana na hayajachanganyika na maji mengi, kwa hiyo uchafu ndani yake umekolea mara kadhaa kuliko kwenye mvua ya kawaida. Mvua safi ina pH, yaani kipimo cha asidi, ya karibu 5.6, na kumbuka kila namba moja ukishuka ni asidi mara kumi, sasa wakati moshi umekithiri mawingu ya milima ya mashariki mwa Marekani na ya Ulaya ya kati yalipimwa yakawa na pH ya 3 na kitu. Ongeza baridi kali, upepo na udongo mwembamba juu ya mwamba.

Huo mwamba ni muhimu. Jizera imekaa juu ya jiwe la granite ambalo halina kalsiamu nyingi, na asidi inapopita kwenye udongo inasomba kalsiamu na magnesiamu kwenda nazo mtoni, mti unabaki bila chakula hicho, halafu ikizidi inafungua aluminiamu ambayo siku zote ilikuwa imefungwa ndani ya udongo haina madhara, ikishakuwa huru inaunguza vile vijizizi vyembamba vya kunyonyea maji. Kwa misprusi iliyokosa magnesiamu utaona sindano za zamani zinakuwa njano ya dhahabu kuanzia nchani, hasa upande wa juu unaopigwa na jua, na zile changa za mwisho wa tawi zinabaki kijani, maana mti unanyang'anya wakubwa unawapa wadogo.

Kilimanjaro ni mlima wa volkano, udongo wake una akiba kubwa zaidi ya madini hayo, na hamna mitambo ya makaa kama ile jirani yake, hivyo matatizo ya msitu wetu ni mengine, moto na kukata miti. Ila kuna kipimo unaweza kukiona bure ukipanda na shule: zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ndani ya msitu wa mawingu. Hazina mizizi, zinakula hewa na ukungu tu, na salfa ikizidi ndo za kwanza kufa. Nilipokuwa Krušné nilitafuta siku tatu sikuona hata uzi mmoja. Nikakumbuka mlima wetu, nikaona uchungu.

Bwana Misitu habari za kazi. Nimeolewa huku Stuttgart. Baba mkwe wangu anasema miaka ya 80 waliambiwa misitu yote ya Ujerumani inakufa, magazeti kila siku, na mpaka leo misitu ipo, hivyo eti wanasayansi waliwatisha watu tu na haya ya sasa ya hali ya hewa ni yaleyale. Nimjibuje kwa adabu?

Dada yangu, muanze kwa kumkubalia anapostahili. Ni kweli, 1981 mtaalamu wa udongo wa Göttingen, profesa Bernhard Ulrich, alionya kwamba misitu mikubwa ingekufa ndani ya miaka michache na jarida la Der Spiegel likaweka kichwa cha habari kwamba msitu unakufa, na utabiri ule mkali zaidi kwa nchi nzima haukutokea. Walichukua hali ya sehemu zilizoumia sana wakaipeleka kila mahali, na kupungua kwa sindano kwenye mti mmoja mmoja mara nyingine ilikuwa ni ukame wa mwaka ule tu. Hapo baba ana hoja.

Lakini muulize baba, mabomba yenyewe yalibaki vilevile? Mwaka 1983 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya kulazimisha mitambo mikubwa iweke vifaa vya kuondoa salfa kwenye moshi. Mkataba wa Ulaya wa uchafuzi unaovuka mipaka ulikuwa umeshasainiwa Geneva 1979, na 1985 kule Helsinki nchi zikakubaliana kupunguza salfa kwa asilimia 30. Ucheki ilichelewa, ikafanya kazi kubwa miaka ya 90, kutoka karibu tani milioni 1.9 za salfa daioksaidi mwaka 1990 mpaka chini ya tani laki tatu ilipofika 2000. Daktari akikwambia utakufa usipoacha sigara, ukaacha, ukapona, utamwita muongo? Na milima ya Krušné haikutishiwa jamani, ilikufa kweli, mpeleke akaone, kutoka Stuttgart ni mwendo wa siku moja tu kwa gari.

Akikuonyesha misprusi iliyokauka milima ya Harz kuanzia 2018, mwambie hiyo ni ukame na joto na wale wadudu wa ganda, salfa sasa ni kidogo. Hata hivyo udongo haujapona kwa kasi ya hewa. Hewa ilisafishwa ndani ya miaka kama kumi, kalsiamu iliyosombwa inarudi kwa kumomonyoka kwa mwamba taratibu mno, miongo na miongo, ndo maana jimbo la Saxony huko Ujerumani tangu miaka ya 80 wanamwaga chokaa ya dolomaiti kwa helikopta juu ya misitu, kawaida tani 3 kwa hekta. Na naitrojeni ya magari na mashamba bado inaanguka kila mwaka.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwangu uko Marekani. Kule Vermont kwenye mlima wa Camels Hump, kati ya katikati ya miaka ya 60 na mwisho wa miaka ya 70, karibu nusu ya msprusi mwekundu ilitoweka, na ilichukua muda watu kuelewa kwa sababu miti ilikuwa inaungua na baridi tu kama miaka yote. Kumbe mvua ya asidi ilikuwa inafua kalsiamu kutoka kwenye sindano, na kalsiamu ndo inayoshikilia ngozi ya seli isipasuke kwenye baridi, hivyo mti ukapoteza nyuzi kadhaa za uvumilivu. Mwaka 1999 wanasayansi wa msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, New Hampshire, wakarudisha kalsiamu kwa helikopta kwenye bonde moja dogo, jingine wakaliacha. Ikaja baridi kali ya 2003, misprusi ikaungua sehemu kubwa ya eneo hilo, lakini kwenye bonde lililopewa kalsiamu madhara yakawa pungufu kwa mbali. Baridi ileile, mti uleule. Leo msprusi mwekundu unakua vizuri tena milimani kule baada ya sheria ya hewa safi kukazwa 1990.

Jambo baba. Mimi niko Lubumbashi. Upande wa magharibi-kaskazini wa kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba udongo uko mtupu, mvua inachimba mifereji, na wazazi wanasema zamani kulikuwa pori. Ni kama hiyo ya Ulaya ama ni uchawi wa madini?

Jambo ndugu yangu, ni kama ya Ulaya na imezidi kidogo. Kiwanda kile kilianza kazi 1911, na upepo wa kwenu mara nyingi unatoka kusini-mashariki, ndo maana uharibifu umekaa upande ule mnaouona, una umbo la koni, watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameuchora kwenye ramani na kuufanyia kazi miaka mingi. Madini ya shaba yana salfa, ukiyeyusha inatoka salfa daioksaidi, ikaunguza miti ya miombo kama ilivyounguza misprusi. Tofauti ni kwamba kwenu bomba lilimwaga pia vumbi la shaba, zinki, risasi na kadimiamu, na hayo hayaondoki na mvua, yamekaa juu ya udongo hata kiwanda kikinyamaza. Kwa hiyo Jizera walikuwa na udongo mchovu, ninyi mna udongo wenye sumu. Wametafuta nyasi zinazovumilia shaba, zinazoota zenyewe kwenye vilima vya madini Katanga, wakazipanda na kuongeza chokaa na mbolea ya mimea, na zimeshika. Kinachoniuma zaidi ni watoto wanaocheza kwenye vumbi hilo na mboga zinazolimwa jirani, nakuomba msilime mchicha hapo, na mikono ioshwe kabla ya kula, hilo lisisubiri mradi.

Habari mzee wangu. Nina ekari nane za misonobari Mafinga, umri miaka minne, sindano zimeanza kuwa njano. Jirani anasema ni moshi wa viwanda. Nikate?

Usikate, ndugu yangu. Moshi wa salfa wa kutosha kuunguza shamba zima ungeua kwanza mimea laini ya jirani na ungeonekana zaidi upande mmoja, ule unaopokea upepo. Mara nyingi njano ya misonobari ya nyanda za juu inatokana na udongo kukosa kitu, maji kutuama kwenye mizizi au wadudu kwenye sindano, na boroni ni moja ya vitu vinavyokosekana sana, ila hiyo inajionyesha zaidi kwa ncha ya juu kufa na mti kujigawa vichwa viwili.

Fanya hivi. Chagua miti kumi iliyo njano na kumi mizima, kata tawi la juu lenye jua, angalia njano iko kwenye sindano za zamani au changa, andika. Weka sindano kwenye mfuko wa karatasi, sio wa nailoni zitaoza, kila kundi mfuko wake, chimba na udongo wa sentimita 20 za juu chini ya miti hiyohiyo, kisha wasiliana na TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, au SUA, chuo kikuu cha kilimo, kule Morogoro wakupimie. Majibu yakitoka niandikie tena, nataka kuyaona.